Gari Linalovuma na Tairi Lililolika Upande

Leo nitasema juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaokaa pande hizi za Neasden, kaskazini-magharibi ya London, hulilipia fedha nyingi kwa sababu tu hatukulisikiliza mapema: nalo ni mlio wa magurudumu, na kulika ovyo kwa matairi, katika gari lililokwisha tumiwa na mwingine kabla halijawa letu.

Neno langu ni moja, na nitalirudia mara kwa mara, kwani msikilizaji wa redio hana ukurasa wa kufunua nyuma. Tairi ni shahidi. Limekwenda na gari kila mahali, limeona kila shimo na kila ukingo wa barabara, na yote liliyoyaona limeyaandika katika ngozi yake. Basi mtu anayeona tairi limelika, akaling'oa na kutia jipya bila ya kuuliza ni kitu gani kilichokuwa kikilila, amemtoa shahidi mahakamani na kumwacha mkosaji ameketi. Baada ya miezi michache tairi jipya nalo litakuwa limelika vile vile, na mtu huyo atailaumu kampuni iliyolitengeneza.

Mtaa wetu huu, kama mjuavyo, umekatwa katikati na barabara kuu ya North Circular, nusu upande huu na nusu upande ule. Na tangu tarehe 25 Oktoba 2021 barabara hiyo ilifanywa mpaka wa ile kanuni ya hewa iitwayo ULEZ, ambayo humtoza mwenye gari la moshi mchafu pauni 12.50 kwa kila siku anayoliendesha ndani ya mpaka huo, hata ilipofika tarehe 29 Agosti 2023 mpaka ukasogezwa ukaizunguka London yote. Matokeo yake yalikuwa nini? Magari mengi ya dizeli yaliuzwa kwa haraka, na watu wa kipato cha kadiri wakatafuta magari ya petroli, kwani gari la petroli lililoandikishwa tangu mwaka 2006 aghalabu huruhusiwa kupita bila ya malipo. Kwa hiyo gari la miaka karibu ishirini, ambalo zamani lingepelekwa kwa wauza vyuma chakavu, leo lina thamani, nalo huuzwa na kununuliwa baina yetu: mtu wa Mombasa akamwuzia mtu wa Unguja, na mara nyingine bei ikakatwa kwa Kiswahili na mzee wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu au Jinja, mmoja wa wale ambao jamaa zao huenda kuabudu katika lile hekalu jeupe la mawe na marumaru lililofunguliwa hapa Neasden mwaka 1995. Moshi wa gari la namna hiyo ni safi kwa hesabu ya serikali. Lakini bushi zake, beringi zake na shokapu zake zina umri ule ule wa gari, na kanuni ya hewa haikuziuliza habari.

Haya, tumsikilize shahidi. Gari limesimama, mwenyewe anakusifia rangi na redio. Wewe usianze na rangi. Mwombe akate usukani mpaka mwisho, upande mmoja kisha upande wa pili, ili uone uso mzima wa tairi la mbele, hasa ule ukingo wa ndani ambao gari likisimama sawa hauonekani. Kwa matairi ya nyuma inama na kurunzi. Wengi hutazama ukingo wa nje, wakaona mifereji ya kutosha, wakaridhika, ilhali ukingo wa ndani umekuwa kipara na nyuzi za waya zimeanza kuchungulia.

Je, kipara hicho kinatuambia nini? Tairi likilika kingo zote mbili na katikati pakabaki pazima, lilikuwa likienda na upepo mdogo. Likilika katikati tu, upepo ulizidi. Hayo ni mepesi, na dawa yake ni kibandiko cha kipimo cha upepo ambacho aghalabu hubandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na upepo upimwe tairi likiwa baridi. Lakini likilika upande mmoja tu, mambo yameingia uzito. Hapo gurudumu haliendi sawa na mwenendo wa gari: ama limeinama, kichwa ndani au kichwa nje, ama linatazama pembeni kama mtu anayetembea na vidole vya miguu ndani. Kutazama pembeni hurekebishwa kwa kurefusha au kufupisha tairodi, na ndiyo kazi kubwa ya alaimenti. Kuinama ni habari nyingine, kwani katika magari mengi madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele kiwandani hawakuweka mahali pa kurekebisha mwinamo huo. Basi gurudumu likiinama kupita kiasi, huenda kuna kitu kimepinda, mkono wa chini, au mguu wa shokapu, au habu yenyewe, na aghalabu kilipinda siku gari lilipopanda ukingo wa njia au kutumbukia shimoni. Mtu akikwambia atanyoosha mwinamo huo kwa alaimenti peke yake, mwulize ataugusia wapi.

Kisha pitisha kiganja juu ya uso wa tairi, polepole, usije ukachomwa na waya. Pitisha ukienda ndani, kisha ukirudi nje. Ikiwa upande mmoja ni laini na ukirudi unahisi ncha kama za msumeno, hiyo tena ni dalili ya gurudumu linaloburuzwa pembeni. Na kama kiganja kikipita kuzunguka tairi kinahisi mabonde na vilima, bonde, kilima, bonde, kilima, basi watuhumiwe shokapu, kwa sababu shokapu iliyochoka huliacha gurudumu lirukeruke juu ya lami, na kila linapotua hung'ata kipande. Au gurudumu limekosa balansi. Yako pia matairi yenye bapa moja tu, pengine kwa breki iliyofungwa kwa ghafula, pengine kwa gari kusimama mahali pamoja muda mrefu mno. Hata chuma cha treni hupata bapa la namna hii, na wenzetu wanaokaa karibu na karakana kubwa ya treni hapa Neasden huenda wamepata kusikia behewa likipita kwa mdundo, du, du, du, kabla magurudumu yake hayajapelekwa kuchongwa upya. Tairi la gari halichongwi. Likipata bapa limekwisha.

Mintarafu ya sheria nitasema kwa ufupi. Hapa Uingereza mifereji ya tairi haina ruhusa kupungua milimita 1.6 katika robo tatu za katikati za upana wake, kuzunguka tairi zima, na anayekamatwa na tairi bovu aweza kutozwa mpaka pauni 2,500 na kuandikiwa pointi 3, kwa kila tairi. Huna kipimo? Chukua sarafu ya peni 20, isimamishe katika mfereji. Ukiona sehemu yoyote ya ule ukingo wake ulioinuka iko nje, lipeleke tairi kwa anayejua. Na usisahau kusoma umri: ubavuni mwa tairi mna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, hata 2319 ikawa na maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani laweza kuwa na mifereji mizuri na mpira umekuwa mkavu, umepasuka nyufa.

Sasa nawauliza: itakuwaje mkikuta gari la zamani lina matairi manne mapya, yote ya bei rahisi, na nywele zake za kiwandani bado zimesimama? Wengi hufurahi. Mimi hushuku. Sisemi kila muuzaji ni mwovu. Wapo wanaotia matairi kwa insafu ili mnunuzi asipate taabu. Lakini maadamu tairi ni shahidi, mashahidi wanne kutoweka kwa siku moja, kabla ya siku ya kuuza, ni jambo la kuulizwa. Na lipo la kuwasaidia. Ukaguzi wa MOT, uliowekwa hapa Uingereza mwaka 1960 kwa magari yaliyotimiza miaka 10, na ambao leo kwa kawaida humpasa mwenye gari lililotimiza miaka 3, huandikwa na kuhifadhiwa na serikali, na mtu yeyote mwenye namba ya gari aweza kuusoma bure katika tovuti ya serikali, mwaka baada ya mwaka. Someni zile nasaha ambazo mkaguzi huziandika hata gari likifaulu. Mkikuta mwaka mmoja ameandika kwamba tairi la mbele la kushoto limelika ukingo wa ndani, na mwaka uliofuata akaandika vivyo hivyo kwa tairi hilo hilo, basi ushahidi umebaki ingawa shahidi ameondolewa: mwenye gari alinunua matairi, wala hakununua dawa.

Tumekwisha sema ya macho na ya kiganja. Tuje kwenye masikio.

Ombeni kuliendesha gari. Zimeni redio, naam, hata mazungumzo haya, na fungueni vioo, kisha piteni polepole kando ya ukuta mrefu, kwa sababu ukuta huurudisha mlio kwenye masikio. Swali la kwanza: mlio ni wa injini au wa magurudumu? Mkiwa katika mwendo, pandisheni na kushusha gia mwendo ukiwa ule ule. Mlio ukibadilika pamoja na injini, si wa magurudumu. Ukibaki vile vile na ukaongezeka tu kadiri gari linavyokimbia, basi tumeufuata mpaka chini.

Na hapa ndipo penye fumbo linalowapotezea watu fedha, na ndiyo sababu hasa ya mimi kuwaombeni sikio jioni hii. Beringi iliyokwisha huvuma, wuuu, mvumo unaopanda pamoja na mwendo. Tairi lililolika kwa meno ya msumeno nalo huvuma, wuuu, mvumo unaopanda pamoja na mwendo. Mmoja akiambiwa ni beringi hulipia beringi, gari likatoka gereji likivuma kama lilivyoingia. Mwingine hununua matairi manne, na beringi inaendelea kusagika ndani. Nani mkweli? Tutawatenganishaje wawili hawa?

Njia ya kwanza ni barabara. Tairi hubadilisha sauti yake kwa kila namna ya uso linaokanyaga: kwenye lami mpya iliyo laini hunyamaza au hupungua, kwenye lami kuukuu ya kokoto hupiga kelele, kwenye zege huimba wimbo mwingine. Beringi haijali. Iwe lami, iwe zege, mvumo wake ni ule ule. Tokeni Neasden kwa North Circular mpaka Staples Corner, muingie M1 inayoanzia hapo, na bila ya shaka mtapita juu ya nyuso za barabara za namna zaidi ya moja. Sikilizeni mahali uso unapobadilika.

Njia ya pili ni kona. Gari likikata kulia, uzito wake hulalia magurudumu ya kushoto. Likikata kushoto, hulalia ya kulia. Beringi mbovu ikilaliwa na uzito aghalabu hulia zaidi, na ikipunguziwa hunyamaza. Na bahati yetu katika nchi hii, kama kule kwetu Kenya, Tanzania na Uganda, ni kwamba tunaendesha kushoto, kwa hiyo katika kiplefti tunazunguka tukikata kulia. Basi mvumo ukizidi ndani ya kiplefti na ukapungua mnapotoka kwa kushoto, mshukuni beringi ya kushoto. Mzunguko wa Hanger Lane ni mkubwa, lakini magari yake ni mengi na hayana subira, kwa hiyo tafuteni kiplefti cha faragha, tena mapema asubuhi ya Jumapili.

Njia ya tatu haina gharama ila jasho, nami naipenda kuliko zote. Badilisheni matairi: ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele, kila moja upande wake ule ule, maana yapo yaliyotengenezwa kuzungukia upande mmoja tu. Endesheni tena. Mvumo ukihama na matairi, mkosaji ni tairi. Ukibaki pale ulipokuwa, mkosaji ni beringi. Narudia kwa wale waliokuwa wakimimina chai: mvumo ukihama, tairi, mvumo ukibaki, beringi. Angalieni sana magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kwani nyuma ni kwepesi na matairi ya nyuma hukaa miaka mingi bila ya kuguswa, yakaota meno ya msumeno polepole, na mvumo wake ukawadanganya hata mafundi wenye mvi.

Ipo milio mingine nitakayoipitia mbio. Ta, ta, ta, mnapokata usukani mpaka mwisho na kuondoka taratibu: jointi ya ekseli ya mbele. Mkwaruzo mwembamba wa chuma usiokoma: pengine kijiwe kimenaswa baina ya diski ya breki na kinga yake, nacho hutolewa bila ya kununua kitu; pengine padi za breki zimekwisha, na hilo halingoji kesho. Kogo, kogo, juu ya matuta ya mitaa yetu, na matuta hapa hayana upungufu: bushi, boljointi, au vile vifimbo vinavyoshika fimbo ya mizani. Na mlio wa kishindo cha chuma usukani unapokatwa gari likiwa limesimama, msiupuuze, kwani majira ya baridi huku chumvi humwagwa barabarani ili barafu isigande, na chumvi hiyo hula springi mpaka pindi yake ya chini ikavunjika, na ncha iliyovunjika yaweza kulitoboa tairi. Haya ya chumvi yawafikie hasa wale wanaonunua gari hapa kwa nia ya kulipeleka nyumbani. Kenya haipokei gari lililozidi umri wa miaka 8, na hata lililo ndani ya umri huo likaguliwe chini kwa kurunzi kabla ya kulipiwa meli, kwani kutu haishuki bandarini ikaliacha gari liende zake.

Gari likiinuliwa kwa jeki, na jeki peke yake haitoshi kuaminiwa, lazima pawe na vigingi imara chini yake na mtu asiingie uvunguni bila ya hivyo, shikeni gurudumu juu na chini mlitikise: likicheza, ni beringi au boljointi. Shikeni kushoto na kulia: likicheza hivyo tu, aghalabu ni tairodi. Kisha lizungusheni kwa mkono mmoja, na mkono wa pili uguse springi. Beringi iliyokwaruzika itatetemeka mpaka kwenye vidole vyenu kabla hata masikio hayajasikia.

Wazee mnaokumbuka Peugeot 404 na Land Rover mtasema: beringi si huoshwa kwa petroli, ikapakwa grisi, ikarudishwa? Ilikuwa hivyo, na mafundi wa Kariakoo waliifanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa. Lakini beringi nyingi za magari ya leo zimefungwa moja kwa moja, hazipakwi kitu, zikiharibika hubadilishwa. Tena nyingi zina ukanda wa sumaku upande mmoja, unaosomwa na breki za ABS, na fundi mwenye haraka akiitia beringi kinyume, gari litaacha kuvuma na taa ya ABS itawaka. Mkiiona taa hiyo siku ile ile gari lilipotoka gereji, rudini siku hiyo hiyo.

Utaratibu wa kutengeneza ni huu, na uwe hivyo. Kwanza kilicholegea au kilichopinda kibadilishwe. Pili matairi. Tatu alaimenti na balansi. Mwenye kuanza na alaimenti wakati tairodi yake inacheza amepima kitu kisichotulia, na karatasi ile yenye rangi ya kijani atakayopewa na mashine haitadumu mpaka tuta la kwanza.

Jambo langu la mwisho ni la hadhari. Kila mara magurudumu yanapofunguliwa na kufungwa, kwa sababu yoyote ile, nati zake zikazwe kwa spana ya kipimo, kisha zikazwe tena baada ya gari kwenda maili 50 hivi. Na mkisikia gurudumu linagonga kwa mdundo unaozidi, huku usukani unatikisika, ondokeni barabarani mahali penye salama na msimame, hata kama nyumba mnaiona. Kisha piteni gurudumu baada ya gurudumu mjaribu nati kwa mkono. Wiki ijayo, inshallah, tutazungumza juu ya breki.